Mtu wa Chupa

Kila siku baada ya masomo, Kasuku alipitia kwenye karakana alikofanya kazi mama yake. Jina hilo alibandikwa nyumbani, maana mdomo wake haukujua likizo.

Mama yake alikuwa mhandisi. Yeye na mafundi wenzake walikuwa wakiunda mashine ya kupiga picha mwili mzima, kutoka utosini hadi unyayoni, ili daktari aone ugonjwa uliojificha ndani. Mashine kama hizo zilikuwa ghali mno. Hospitali ya mjini kwao haikuwa nayo, na bibi yake Kasuku, pamoja na maumivu yake yote, alisafiri siku mbili kwenda kupigwa picha. Mashine ya mama ilitumia sumaku ndogo, ndiyo maana bei yake ilikuwa nafuu.

Kwa majaribio walimlaza ndani yake mtu wa chupa, yaani chupa nyeupe za plastiki zisizoonyesha ndani, zilizojazwa maji na kupangwa kwa umbo la mtu. Kuzijaza ilikuwa kazi ya Kasuku.

"Pomoni, mwanangu," mama alimsisitizia. "Isibaki hewa hata chembe."

Lakini Jumatano rafiki zake walikuwa wakimngoja uwanjani. Chupa ya mwisho, ya paja la kushoto, aliijaza nusu, akaikaza kifuniko, huyoo akatimka.

Kesho yake daktari mkuu wa hospitali alikuja kuikagua mashine. Picha ilipotokea, kwenye paja palikuwa na doa jeusi.

"Mhandisi, rahisi huvunja upishi," daktari alisema. "Siwezi kuwalaza wagonjwa wangu humu."

"Tukiweka sumaku kubwa, bei inarudi kule kule," fundi mzee alinung'unika.

Mama aliinamia ile picha yenye doa. Kasuku alikuwa kimya kama maji mtungini. Chupa ni nyeupe, nani angejua? Kisha akamkumbuka bibi yake, alivyoshushwa garini akiugulia maumivu. Aliona aibu.

"Mama, nisamehe. Mashine haina kosa. Chupa ile niliijaza nusu."

Fundi mzee akaichomoa na kuitikisa. Chubwi, chubwi! Akaangua kicheko. "Kumbe mashine imemkamata Kasuku!"

Chupa ikajazwa, picha ikapigwa upya. Paja likatoka safi.

"Imeona tusichokiona sote," daktari alisema, safari hii akitabasamu. "Hii naitaka hospitalini kwangu."

Alipoondoka, mama alimshika Kasuku bega.

"Kila siku nakwambia ufunge mdomo. Leo ungeufunga, tungeitupa kazi ya miaka mitatu kwa chupa moja. Kwa uvivu umekosea, na utazijaza chupa zote upya. Ila kosa likisemwa hurekebishwa, mwanangu. Likifichwa, wanaoumia ni wengine, kama bibi yako."

"Ndiyo, mama," Kasuku alijibu, akachukua jagi.