Fundi Yupo?

Kila alasiri alipotoka shule, Gundi alivua sare, akaitundika nyuma ya mlango, akanywa maji, kisha akaingia chumba cha nyuma kufanya kazi yake. Kwanza alifagia vipande vya ngozi vilivyotapakaa chini ya cherehani. Halafu alichukua kitambaa na kuanza kufuta kalibu, ile miguu ya mbao ambayo fundi viatu huivika ngozi anaposhona. Ukuta mzima ulijaa kalibu, zimetundikwa mbili mbili, na hapakuwa na jozi iliyolingana. Hapa mguu mrefu na mwenzake mfupi, pale ulionyooka na mwenzake uliopinda. Chini ya kila jozi baba yake alikuwa ameandika kwa kalamu nene kazi ya mwenye miguu: Mkunga, Mpishi, Mwalimu wa Hesabu, Dereva wa Trekta.

Jozi ya mwisho, karibu na dirisha, haikuandikwa kitu. Ilikuwa ya baba mwenyewe. Hiyo Gundi aliifuta polepole kuliko zote.

Baba alizaliwa na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Ndiyo maana alijifunza kutengeneza viatu vyenye soli moja nene na nyingine nyembamba, ili anayevivaa atembee sawasawa. Barabarani, akiwa na viatu vyake, usingemtambua. Lakini nyumbani alitembea peku, na hatua zake zilisikika hadi jikoni: moja nzito, moja nyepesi, moja nzito, moja nyepesi. Gundi alizijua hatua hizo kabla hajajua kusoma. Alimfuata baba kila alikokwenda, ndipo naye akampa jina hilo. "Huyu ni gundi," aliwaambia wateja. "Ukitaka kumbandua kwangu, chemsha maji kwanza."

Baba alifariki mwaka uliopita. Jina lilibaki, lakini aliyegandwa hayupo.

Mama alikuwa amefanya kazi kando ya baba tangu walipooana, na mkono wake kwenye ngozi ulikuwa mzuri. Tatizo halikuwa mkono. Baada ya mazishi walishindwa kodi ya duka la barabara kuu, wakahamishia kazi nyumbani, mtaa wa nyuma. Wateja wengi walitoka mbali na kuja mara moja kwa mwaka. Walifika palepale pa zamani, wakakuta duka la simu, wakaulizia, wakaambiwa fundi hayupo tena, wakarudi kwao wakichechemea. Jioni moja mama alimwambia Gundi bila kumficha kwamba mambo yakiendelea hivyo hadi shule zifungwe, atauza cherehani, atazishusha kalibu, na kwenda kushona mashuka kiwandani.

Gundi aliutazama ukuta. Kuzishusha kalibu kulikuwa kama kumzika baba mara ya pili.

Mjomba ndiye aliyeleta wazo. Alisema siku hizi mtu akitafuta kitu hatoki nje, anatafuta kwenye simu, kwa hiyo wapate mtu wa kuwajengea tovuti. Akiba ya mama ilitosha kumlipa mtu mmoja tu. Wakikosea kumchagua, hapatakuwa na wa pili.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana wa jirani aliyejulikana kama Chapchap. Aliingia na simu mbili mkononi, akawaonyesha kurasa zinazong'aa na picha zinazojigeuza zenyewe. Hakuutazama ukuta. Hakuuliza chochote. Kila alichosema mama, yeye alijibu, "Hakuna shida, mama yangu, hilo limekwisha."

Gundi alikuwa na ombi lake. Kwenye simu ya mama kulikuwa na sauti ya baba, ambayo Gundi aliirekodi kwa mchezo siku moja baba alipokuwa akimpokea mteja. Ilikuwa fupi. Baba anasema, "Karibu. Kaa hapo, vua viatu, tuitazame hiyo miguu." Basi. Gundi aliomba sauti hiyo iwekwe kwenye tovuti, pamoja na picha ya baba, na maneno yaandikwe kana kwamba ni yeye anayewaita wateja.

"Hakuna shida," alisema Chapchap. "Akibonyeza tu, mzee anaongea."

Tangu hapo Gundi alikuwa upande wake.

Wa pili alikuwa dada aliyefanya kazi hiyo katika chumba kidogo juu ya duka la dawa. Aliacha viatu mlangoni, akaomba kigoda, akakaa kumtazama mama akishona. Kisha akaanza kuuliza. Mteja wa mbali anafikaje hapa? Akiwa hawezi kusafiri, anaweza kupimwa nyumbani kwake? Kitu gani kinamtia hofu kabla hajaja? Nani atapokea simu? Mama alicheka na kusema hata mama mkwe hakumhoji hivyo. Dada akacheka pia. Akawaachia namba za watu wawili aliowahi kuwafanyia kazi. "Wapigieni hao," alisema. "Mimi nitajisifu tu." Akaongeza kwamba kazi ikiisha, neno la siri la kufungulia tovuti atamkabidhi mama, kwa sababu nyumba ni ya mwenyewe na funguo ni za mwenyewe.

Gundi alimtolea lile ombi lake. Dada aliisikiliza sauti, akaisikiliza tena, akairudisha simu.

"Mdogo wangu, hilo sitaliweka," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atakayeisikia atakuja kumtafuta."

Gundi alitoka chumbani bila kuaga. Alipotakiwa na mama kutoa maoni, alisema yule dada ana maswali mengi kama mtihani, na Chapchap anaelewa. Mama hakubishana naye. Alikuwa na hamu ya sauti ile yeye pia, ingawa hakusema. Akamwomba Chapchap atengeneze mfano kwanza, wauone ndipo waamue.

Mfano ulikuja upesi sana. Juu kabisa ilikuwa picha ya baba akitabasamu, na chini yake maneno: Mimi ni fundi wako. Njoo nikupime, mtaa wa nyuma. Gundi akabonyeza, na baba akasema karibu. Alibonyeza tena na tena, ameiweka simu sikioni, amefumba macho. Mama alitazama zaidi, akaona kwamba viatu vilivyopangwa chini havikuwa vyao. Vilikuwa viatu virefu vya kisigino na raba za mbio, vinang'aa, kila jozi imelingana kama mapacha.

"Hivi nimevishona lini?" aliuliza.

Gundi alisema picha zinaweza kubadilishwa. Jambo moja wote wawili hawakulijua. Chapchap alikuwa ameshautupa ukurasa ule mtandaoni na kuusambaza kwa watu ili aonekane ana kazi.

Jumamosi, Gundi akiwa peke yake sebuleni, alisikia hatua nje. Moja nzito, moja nyepesi. Moja nzito, moja nyepesi.

Ufagio ulimponyoka. Alijua haiwezekani, lakini miguu yake haikujua, ikamkimbiza hadi mlangoni. Aliyesimama pale ni mwanamke wa makamo, amebeba mkoba, na vumbi la safari limemfika magotini. Viatu vyake vilikuwa vimelika, soli ile nene imebaki nusu. Alikuwa akitabasamu.

"Fundi yupo?" aliuliza. "Jamani, nilifika dukani kule mwanzo wa mwaka, wakaniambia hayupo tena. Nikasema basi, nimekwisha. Jana wakanionyesha kwenye simu, nikamsikia kwa masikio yangu. Nimeomba ruhusa kazini, nimekuja. Mimi ni yule mkunga."

Gundi alimwita mama. Mama alikuja kutoka nyuma, mikono imejaa gundi ya viatu, akaelewa kabla hajaambiwa. Alimkalisha mgeni, akakaa karibu naye, akamweleza kwa sauti ya chini. Mkunga alisikiliza. Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa, kisha likaondoka. Akaufunika uso kwa mikono miwili.

Gundi alisimama kando ya ukuta. Aliijua hali ile. Kila asubuhi, kabla hajaamka vizuri, kuna kitambo kidogo ambacho baba yuko hai, halafu anakumbuka. Sasa alikuwa amempa mtu mwingine kitambo hicho, kisha akamnyang'anya, tena mtu aliyetoka safari ndefu kwa mguu unaouma.

"Ni mimi," alimwambia mkunga. "Mimi ndiye niliyetaka iwekwe. Nisamehe, mama."

Mkunga alimshika mkono. "Mwanangu, mngeniambia ukweli ningekuja vilevile," alisema. "Tofauti ni kwamba ningekuja nimebeba pole. Sasa nimekuja mikono mitupu kwenye msiba."

Mama aliinuka, akaenda ukutani, akashusha jozi iliyoandikwa Mkunga. "Yeye ametutoka," alisema, "lakini miguu yako aliiacha hapa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiishonea ngozi miaka yote. Vua viatu nikutazame."

Mkunga aliipokea ile miguu yake ya mbao, akaipapasa, akalia tena, safari hii kwa namna nyingine.

Siku hiyohiyo mama alimpigia Chapchap auondoe ukurasa ule. "Hakuna shida," alijibu, na kweli aliuondoa, wala hakuuliza kwa nini. Gundi alipanda ngazi za juu ya duka la dawa peke yake. Alimwomba radhi yule dada kwa kutoka bila kuaga, akamsimulia yote. Dada hakumwambia kwamba alimwonya. Alimsogezea kiti na kumuuliza swali moja: wateja wa baba wanapaswa kujua nini kwanza? Gundi alifikiri, akaandika, akafuta, akaandika tena.

Tovuti ilipofunguliwa, ilikuwa na picha moja kubwa ya ule ukuta, na viatu vya mama mwenyewe, soli nene kwa nyembamba. Juu yalikuwa maneno ya Gundi: *Fundi wetu amefariki. Mama, aliyeshona kando yake, ndiye anayeshona sasa. Tumehamia mtaa wa nyuma. Kalibu za miguu yenu zote zipo.* Namba ya simu ilifuata, pamoja na ahadi kwamba asiyeweza kusafiri atafuatwa kwake. Sauti ya baba haikuwamo. Dada aliihifadhi mahali pawili ili isipotee, akamrudishia mama simu na kumwambia Gundi, "Ile haikuwa ya wateja. Ni yako."

Simu zilianza kuingia. Wengi walianza kwa pole, ndipo wakafika kwenye viatu. Dereva wa Trekta alilia kwenye simu kama mtoto, kisha akaagiza jozi mbili. Habari za mashuka hazikusikika tena.

Jioni moja, wakipaka soli gundi, mama alisema, "Unajua, mwanangu, hata mimi nilitaka kumchagua Chapchap. Alitupa tulichokitamani. Lakini anayekubali kila kitu hajakusikiliza. Mtu wa kumkabidhi kazi yako ni yule anayeuliza kabla hajaanza, anayeonyesha alichokifanya kwa mkono wake, na anayeweza kukukatalia akakueleza sababu. Na sisi tunaomchagua tuwe tayari kuusikia ukweli, maana tukitaka uongo, wa kutuuzia hatakosekana."

Gundi aliitikia kwa kichwa. Kabla hajajibu, hatua zilisikika nje: moja nzito, moja nyepesi. Moyo ukamruka, kama ulivyozoea kuruka. Aliuacha utulie, akafuta mikono, akaenda kufungua mlango.

"Karibu," alimwambia mgeni. "Kaa hapo, vua viatu, tuitazame hiyo miguu."