Sahani ya Kibogoyo

Haya hayakunifika mimi. Yalimfika rafiki yangu Nafula, anayekaa Mtongwe, na Nafula si mtu wa porojo. Tangu mumewe afariki na wanawe waende kazi Arabuni, mwenziwe nyumbani alikuwa paka mmoja mzee, Kibogoyo, asiye na jino hata moja. Nafula alikuwa akimtolea samaki miiba, akimpondea, kisha akigonga sahani ya bati kwa kijiko, na paka akaja.

Halafu Kibogoyo akapotea. Siku zikapita. Jioni moja, giza likiingia, Nafula alirudi na kichwa cha samaki wa kukaanga. Akakitia sahanini kizima vile vile, akasimama mlangoni akaigonga kwa kijiko.

Jirani yake, Kanze, akamkemea kutoka uani: "We Nafula, usigonge chombo magharibi! Wajuaje nani mwingine ana njaa?"

"Niache nimwite, dada. Kimya cha nyumba hii kimenishinda."

Mara stima zikapotea, taa zote zikazimika. Akaiacha sahani kizingitini, akaingia, akafunga mlango. Punde akasikia ulimi ukilamba bati taratibu, kama zamani. Machozi yakamtoka.

"Umerudi, mzee wangu?"

Kulamba kukakoma. Kisha kile kichwa kikaanza kutafunwa, mifupa ikivunjika kah, kah, mpaka kikaisha.

Nafula alikikumbatia kijiko kifuani. Huko nje sahani ikagongwa, polepole, vile vile anavyogonga yeye.