Waya Hauna Masikio

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu, jua la saa tisa likiwaka, na fundi redio wa mtaani kwetu alikuwa amefunga kibanda mapema ili arekodi wimbo. Wimbo ulikuwa wa kaka yake, aliyefariki mwaka uliopita kabla hajaumalizia. Mama yao, aliyepooza miguu kwa kiharusi, alilala chumba cha pili, na ombi lake lilikuwa moja: ausikie angali hai. Fundi hakuwa na mtu mwingine duniani ila huyo mama.

Nyumba nzima ilikuwa na mkono wa kaka. Marehemu alikuwa mtu wa kufunga chochote kilichokatika kwa nyuzi kuukuu za gitaa: kitasa, mguu wa meza, hata miwani ya mama.

Fundi akatia gitaa nyuzi sita mpya, akaweka maiki mbele ya amplifaya, akapiga, akasikiliza. Nyuma ya mlio wa gitaa palikuwa na mnong'ono.

"Mama."

Akajicheka. Maiki hudaka kila kitu, hata jirani akipiga chafya. Akafunga madirisha, akaifunika amplifaya kwa blanketi, akarudia.

"Mama, njoo."

Sauti aliijua.

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Alijiambia kwamba kama sauti inapita hewani, basi hewa isipewe nafasi. Akang'oa maiki, akaweka amplifaya kando, akachomeka gitaa moja kwa moja kwenye kompyuta. Waya hauna masikio. Kitakachoingia ni nyuzi tu. Akavaa hedifoni, akapiga.

Safari hii haukuwa mnong'ono. Kaka alisema kwa sauti kamili, sikioni kabisa, kama mtu aliyefunguliwa mlango.

"Mama, njoo. Nimekutengenezea."

Fundi akazitupa hedifoni mezani. Chumbani mama akaita, taratibu.

"Mwanangu, mwambie kaka yako asiite tena. Nimesikia."

Fundi akachomoa waya wa gitaa. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa rekodi ukaendelea kuruka. Ndani ya hedifoni kukatoka mburuzo. Kandambili. Sakafuni. Hatua moja. Kisha nyingine. Mama hakuwa ametembea kwa miaka miwili.

Akakimbia. Mama alikuwa kitandani, chali, shuka imenyooshwa vizuri. Akamwita mara tatu. Hakuitika. Fundi akalia mpaka majirani tukaingia.

Ni sisi tuliofunua shuka. Mama alikuwa amevaa kandambili. Ya kulia ilikatika siku aliyoanguka kwa kiharusi. Kaka aliahidi kuifunga, akatangulia yeye, nayo ikabaki juu ya kabati. Sasa kamba yake ilikuwa imefungwa kwa uzi wa gitaa, mpya, unang'aa.

Tukarudi sebuleni. Gitaa lilikuwa kitini, pale pale fundi alipoliacha. Lilikuwa na nyuzi tano.