Kilichoitika kwa Mama Gideoni

Huyu Gideoni ninayemsema si mtu wa porojo. Ni fundi kompyuta pale Same mjini, mtoto wa dada yake jirani yangu, na ukimkuta kibandani kwake, kwenye joto na vumbi la kule chini, utadhani hajui kucheka. Haya aliyasimulia mara moja tu, na hakutaka kuulizwa swali.

Mama yake alikuwa akiishi peke yake Mhezi, juu kule karibu na msitu, na masikio yalianza kuwa mazito. Watu wakawa wanamlalamikia Gideoni: tunapiga hodi kwa mama yako, tunaita weee, mwisho tunaondoka na mayai tuliyomletea. Mtoto akaona aibu. Akafunga kibanda, akapandisha mlimani kompyuta moja kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani, akaiunganisha na betri ya sola, akaweka maiki na spika dirishani. Ndani yake akapakia akili mnemba, ile ndogo iliyobanwa, isiyotaka intaneti wala bando. Akaiandikia maagizo: ukisikia mtu anaita nje, itika. Mwambie mama yupo, asubiri, anakuja. Mama naye akiona kioo kimewaka, atajua kuna mgeni.

Basi ikawa kichekesho cha kijiji. Wenye nazo huziendesha akili hizo kwenye mashine zenye GPU, vile vifaa vya kuzipa kasi. Gideoni alikuwa na prosesa ya zamani tu, na memori ya kuokoteza. Ukiita, feni inaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga. Unasubiri. Linakuja neno moja. Unasubiri tena, ndipo lije la pili. Mzee Loth, jirani wa ng'ambo ya mfereji, aliapa kwamba alipiga hodi, akaenda kuwakatia ng'ombe majani, akarudi, ndipo akaambiwa mama yupo. Gideoni naye alicheka. Jibu likichelewa si neno, ilimradi lije.

Mama peke yake ndiye hakucheka. "Hiki kitu kinaitika hovyo," alisema. "Hakiangalii anayeita ni nani." Gideoni akaona ni uzee tu, akaendelea kufuta vumbi kwenye feni.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Wamekula makande, mama yuko jikoni anachambua maharage, Gideoni kakaa kigodani anakaza nati za kiti. Mchana ule ukungu ukashuka kutoka msituni. Ukafunika banda la ng'ombe, ukafunika migomba, ukafika mlangoni. Kule juu hilo si jambo la kumshtua mtu.

Mama aliacha kuchambua. Huyu mama ambaye jogoo akiwika dirishani hasikii, aliinua kichwa.

"Nakijwa."

Ilikuwa sauti ya msichana. Ilitoka uani, upande wa migomba, na wala haikupazwa. Gideoni alifungua mdomo aitike, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, na kiganja cha mama kikamziba. Kilikuwa cha baridi, kina vumbi la maharage.

"Usiitike," mama alinong'ona. "Ananiita mimi."

Gideoni akamwuliza kwa macho, nani?

"Dada yangu."

Nakijwa lilikuwa jina la mama la utotoni, na hakuna aliye hai aliyekuwa bado akilitumia. Mama akamweleza pale pale, midomo ikigusa sikio lake. Dada yake alifia msituni wakiwa wasichana, alikokwenda kuokota kuni. Akazikwa. Ukungu wa kwanza baada ya mazishi, akaja uani kuita. Bibi yao akamkanya mama: usiyemwona uso humwitikii, maana ukiitika umekubali kumfuata. Tangu siku hiyo, kila ukungu ukishuka namna hii, dada huja. Mama amekua, ameolewa, amezaa, amezika mume, na hajaitika hata mara moja. Gideoni aliingiwa na huruma na hofu kwa pamoja. Miaka yote hiyo mama yake alikuwa akivumilia jambo hili peke yake.

"Na akiitikiwa?" alimnong'oneza.

Mama alikuwa anatazama kona ya kompyuta.

Feni ilikuwa imeanza kuunguruma.

Gideoni alielewa. Mashine imesikia. Inatafuta maneno. Alishukuru Mungu ni kuukuu, ni nzito, muda upo. Alikurupuka. Betri ilikuwa chumba cha pili, nyuma ya magunia ya mahindi. Akavuta gunia la kwanza. Nyuma yake spika ikakwaruza.

"Ndiyo," ikasema.

Akashika gunia la pili. Mikono ikateleza. Akalikumbatia, akalivuta tena.

"Yupo."

Akazipata nyaya. Akazing'oa zote kwa pamoja. Feni ikafa. Kioo kikazima.

Kimya.

Alisimama akihema. Amewahi, alijiambia. Haikumaliza. Akarudi jikoni anatabasamu, amwambie mama kuwa imekwisha.

Ndipo nje, kwenye migomba, sauti ya mashine ikaendelea pale ilipokatizwa. Sauti ile ile kavu, hujui ya kiume au ya kike.

"Subiri."

Kimya tena. Kirefu.

"Anakuja."

Mama akasimama. Akajikung'uta maharage, akajifunga kanga vizuri. Hakuwa na hasira. "Nimeshaitikiwa, mwanangu," alisema. "Si adabu kumweka mgeni nje."

Gideoni alimkumbatia. Alimbana kwa mikono yote miwili, pale pale jikoni, na hakumwachia. Mama hakushindana naye. Wakaketi hivyo sakafuni, mtoto akimwomba, akimwita mama, mama, mpaka ukungu ukainuka na jua la jioni likaingia mlangoni. Mama alikuwa anapumua. Macho yako wazi. Gideoni akalia kwa furaha, maana alijua amemzuia.

Mzee Loth ndiye aliyepita kwanza. Alifika uani, akasimama, asipige hodi.

"Gideoni," aliita kwa sauti ya chini. "Mama yako anakwenda wapi na huyo mtoto?"

Gideoni alitoka. Udongo mwekundu ulikuwa umelowa, na juu yake zilikuwepo nyayo za watu wawili, bega kwa bega, kutoka kizingitini mpaka kwenye njia ya msituni. Nyingine zilikuwa ndogo, za msichana. Nyingine zilikuwa za mtu mzima, kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani. Gideoni alizijua, miguu hiyo alikuwa akiikanda kwa mafuta kila jioni alipokuwa kule juu. Akageuka kumtazama mama. Alikuwa pale pale jikoni, nyayo zake kavu, hazina hata chembe ya udongo.

Sasa anaishi naye Same, kule chini kusiko na ukungu. Anamlisha, anakula. Anamwogesha, anatulia. Daktari amempima masikio na kusema hayana tatizo lolote, anasikia kama kijana. Kila asubuhi Gideoni huchuchumaa mbele yake na kumwambia, "Shikamoo, mama."

Hajaitikia mpaka leo. Humtazama tu kwa upole, mikono mapajani, kama mgeni anayemsubiri mwenye nyumba arudi.