Kichwa Kilichopita Bila Honi

Stesheni ya Shinyanga ilikuwa imefurika abiria siku Zuhura, muuza chai wa hapo, alipommwagia chai Salmini, dereva wa treni ya mizigo. Salmini aliitazama ovaroli yake ya bluu, akacheka.

"Dada, dizeli ilikuwa imeniachia sehemu moja safi. Umeimaliza."

"Pole jamani! Nikuwekee nyingine?"

"Weka. Hii naomba niinywe tu."

Tangu hapo, kila alipokatiza na kichwa chake cha treni nyuma ya nyumba ya kina Zuhura, alipiga honi mbili fupi. Samia, bintiye Zuhura, alikimbilia uani kupunga mkono. Majirani walitania, "Mama Samia, mumeo anabisha hodi mtaa mzima!"

Ikafika Jumapili ya posa. Pilau imeiva, baba yake Zuhura kavaa kanzu mpya. Wazee wa Salmini hawakutokea. Alasiri kikapita kichwa kilekile, kimeunganishwa nyuma ya kingine, kama wanavyofanya mzigo ukiwa mzito. Hakikupiga honi. Simu ya Salmini haikupatikana. Usiku Zuhura akamblok kwenye simu, akaosha masufuria peke yake.

Alhamisi jioni Salmini alisimama mbele ya meza yake ya chai, macho mekundu.

"Umefuata nini?"

"Kichwa kilinifia Malampaka, Zuhura. Kikifa kinavutwa hadi karakana ya Tabora, na dereva wake hakiachi, watu wasije wakanyonya mafuta. Wazee wangu walikuwa Mhunze wananisubiri nikawachukue. Simu ilizima, na nilipoichaji Tabora ulikuwa umeshaniblok."

"Na honi?"

"Honi inatumia upepo wa injini, mpenzi. Imekufa, ningepiga kwa mdomo? Na nilipiga! Nilimwona baba na kanzu yake uani, nikapayuka kama mwehu. Treni haikusimama."

Zuhura alitaka kucheka, lakini uchovu ulikuwa mwingi.

"Baba kasema posa hiyo basi. Hataki kulisikia jina lako."

"Twende kwake."

"Hivyo ulivyo? Unanuka grisi."

"Nikienda kuoga nitalala, nikilala nitakukosa."

Zuhura alifunika birika. Walitembea bila kushikana mikono. Baba alifungua mlango mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wazee wako wako wapi?"

"Watakuja ukiwaruhusu, mzee. Leo nimekuja kuomba radhi."

Baba alimtazama tangu viatu vyenye mafuta hadi macho yaliyokuwa yakijifumba yenyewe.

"Umekula?" akauliza.

Zuhura akaingia jikoni haraka, kabla hawajaona machozi yake.