Nyota Tano za Jiwe Jema

Kezia alikuwa juu ya bati la duka la jirani, akifunga paneli ya sola, simu yake ilipoita. Aliweka bisibisi mfukoni, akajishikilia kwa mkono mmoja, akapokea.

"Naongea na Kezia, fundi umeme wa Ringwani?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Napiga kutoka Jiwe Jema, huku Nyamwaga. Tumeona maombi yako. Njoo Jumatatu. Uje na barua, nakala ya cheti na vifaa vyako vyote. Utasaini mkataba wa mwaka mmoja, uanze kazi siku hiyo hiyo."

Kezia alishuka ngazi taratibu kuliko kawaida. Hakutaka kuanguka siku ya habari njema.

Alikuwa na cheti cha ufundi tangu miaka minne iliyopita. Mwanzoni watu wa Ringwani walishangaa kumwona mwanamke akipanda juu ya nyumba na koleo mfukoni. Baadaye walizoea. Taa ikizimika, walimwita. Redio ikinyamaza, walimwita. Lakini kazi ya kijijini haikuwa ya kila siku. Wiki nyingine alifunga paneli mbili. Wiki nyingine alishika jembe tu, yeye na mumewe Deus, na mahindi yao yalikuwa yameliwa na tembo msimu ule.

Upande wa Tarime, habari zilikuwa za dhahabu tu. Karasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zilikuwa zikifungwa kila mahali. Na karasha haiendi bila umeme.

Wakati wa chakula cha jioni Deus alishika simu. Kwenye mtandao kuna mahali ambapo wafanyakazi huandika maoni kuhusu waajiri wao. Humpa mwajiri nyota, kuanzia moja hadi tano.

"Jiwe Jema wana nyota tano," alisema Deus. "Wote kumi na mmoja wamewasifu. Sikiliza huyu. 'Kampuni bora sana, uongozi unajali wafanyakazi.'"

"Na wale Kilima Tatu?" aliuliza Kezia. Kwenye mgodi huo pia alikuwa ameomba kazi, lakini walikuwa wamemwita kwa mahojiano tu, siku ya Jumanne.

Deus alisoma kimya kwanza. "Hawa wana nyota tatu na nusu. Kuna mtu ameandika, 'Usiende. Utakufa.'"

Kezia aliangalia watoto wao wawili waliokuwa wakigombania kipande cha ugali.

"Basi ni Jiwe Jema," alisema.

Ijumaa alikwenda Tarime mjini kutoa nakala ya cheti na kuchapa barua. Alikwenda kwa Rahima, mwenye steshenari karibu na stendi. Rahima alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Watafuta kazi wengi wa Tarime walipitia kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo tunachapa nini?"

"Barua ya kazi. Niandikie kwa meneja wa Jiwe Jema, Nyamwaga."

Vidole vya Rahima vilisimama juu ya kibodi.

"Umewajuaje hao?"

"Nimesoma maoni yao. Nyota tano."

Rahima alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake. Akavuta kiti kingine.

"Kaa hapa. Fungua hayo maoni tuyasome pamoja. Usisome sifa. Soma tarehe."

Kezia alisoma. "Tarehe kumi na mbili mwezi wa sita. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na tatu." Akarudi juu kuhakikisha. "Yote ni ya siku mbili."

"Sasa niambie, katika hao kumi na mmoja, yupi amesema anafanya kazi gani?"

Kezia alipitia moja moja. Hapakuwa na aliyetaja karasha. Hapakuwa na aliyetaja zamu, wala glovu, wala chakula. Wote walisema kampuni ni bora na uongozi unajali. Wanne waliandika neno "uongozi" kwa kukosea, na wote walikosea herufi ile ile.

"Huyu ni mtu mmoja," alisema Kezia polepole.

"Ni mimi," alisema Rahima.

Kezia alimtazama asielewe.

"Mtu wa ofisi yao alikuja hapa na karatasi. Alisema wafanyakazi wake hawana simu za mtandao, kwa hiyo nimsaidie kuingiza maneno yao. Nikafungua akaunti kumi na moja. Nilipofika ya nne, nikajua hapa hakuna mfanyakazi. Nikamaliza zote."

"Kwa nini ulimaliza, mama?"

"Mteja alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe. Nikajiambia mimi ni mpiga chapa tu. Wewe ndiye wa kwanza kuja mbele yangu ukiwa umeyaamini."

Watu wawili waliingia kutoa nakala. Rahima aliwahudumia, akarudi. Kezia alikuwa bado amekaa, barua yake nusu kwenye kompyuta.

"Basi mtandao wote ni uongo," alisema Kezia. Sauti yake ilikuwa na uchungu. "Afadhali nisingesoma."

"Hapana. Usitoke kwenye kuamini yote ukaingia kwenye kukataa yote. Hebu fungua wale wengine."

Wakasoma ya Kilima Tatu. Yalikuwa tisa, na yalikuwa yameandikwa kwa miaka mitatu, moja leo, jingine baada ya miezi mitano. Mmoja alisema zamu ni ndefu mno lakini helmeti na mabuti hutolewa siku ya kwanza. Mpishi alisema kisima kiko mbali. Mwingine alimsifu msimamizi mmoja na kumlalamikia mwingine.

"Unaona?" alisema Rahima. "Mtu aliyefanya kazi mahali anakumbuka vitu. Anakumbuka kisima. Hata sifa yake ina kasoro ndani."

"Na huyu aliyesema 'utakufa'?"

"Huyo simjui. Anaweza kuwa amesema kweli. Anaweza kuwa alifukuzwa akaandika kwa hasira. Anaweza hata kuwa ametumwa na mshindani. Maneno makali si ushahidi, kama vile sifa si ushahidi. Ameandika jina lake?"

"Heche. Mwendesha winchi."

"Basi una mahali pa kuanzia. Maoni ya mtandaoni yakupe maswali tu. Majibu kayatafute kwa watu. Muulize anayefanya kazi pale, muulize aliyeondoka, muulize na anayewauzia chai. Huyo wa chai haajiriwi na mtu yeyote."

Jumamosi Kezia alipanda gari la asubuhi kwenda Nyamwaga. Mbele ya geti la Jiwe Jema alimkuta mama mmoja akiuza chai na maandazi. Aliitwa Mokami. Kezia aliagiza chai, akanywa bila haraka.

"Nimeitwa kazi humo ndani," alisema. "Fundi umeme."

Mokami alimwangalia kuanzia viatuni hadi kichwani. "Wewe utakuwa wa nne tangu watu wapande mahindi."

"Wengine wamekwenda wapi?"

"Wamekimbia. Wa mwisho aliondoka kabla mkataba haujaisha. Vifaa vyake viko stoo mpaka leo. Wanasema mkataba umesema hivyo."

Kezia alibana begi lake kati ya miguu. Ndani yake mlikuwa na koleo, vipimo vya umeme na bisibisi alizonunua moja moja kwa miaka minne.

Akasogea hadi kwenye uzio wa waya. Kutoka pale aliiona karasha ya kwanza. Waya mnene wa umeme ulitoka kwenye jenereta, ukapita chini, ukakatiza dimbwi la maji ya kuoshea mchanga. Katikati ya dimbwi ulikuwa umeungwa na kufungwa kwa mfuko wa nailoni. Vijana watatu walikuwa wakitembea kwenye maji yale, mmoja akiwa na ndala.

Kezia hakuhitaji nyota wala maoni kuusoma waya ule.

Alimwita mlinzi, akamwonyesha. "Kaka, waambie wakuu wazime umeme na wautoe ule waya majini. Leo."

"Fundi wa mwisho alisema hivyo hivyo," alijibu mlinzi. Lakini aliinuka, akaenda ofisini.

Kumpata Heche hakukuwa kugumu. Alikuwa na kibanda cha kuziba pancha kwenye njia panda, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu refu. Kezia alimwonyesha maneno yake kwenye simu.

Heche aliyasoma kama mtu anayesoma barua ya zamani.

"Ni yangu. Kamba ya winchi ya kupandishia mawe ilikatika. Nilikuwa nimesema imechakaa, mara mbili. Iliponikata, msimamizi akasema ni uzembe wangu. Nikaondoka, nikaandika nikiwa bado na bandeji."

"Ilikuwa lini?"

"Miaka miwili sasa."

"Na siku hizi kukoje?"

Heche aligeuza tairi aliyokuwa akiziba, akatafuta tundu kwenye beseni la maji. "Shemeji yangu yuko pale. Anasema waliondoa kamba zote. Yule msimamizi hayupo. Wana mtu wa usalama, anakagua kila asubuhi." Akalitia tundu alama. "Hilo sikuliandika."

"Kwa nini?"

"Hakuna aliyekuja kuniuliza mpaka leo. Na mkono wangu haujarudi ulivyokuwa. Nilichoandika kilitokea, dada. Ila kilitokea wakati ule."

Kezia alirudi nyumbani akamweleza Deus kila kitu. Deus alikuna kidevu. "Jiwe Jema ni kazi iliyo mkononi. Kilima Tatu ni mahojiano tu. Wakikukataa?"

"Nitarudi kwenye paneli," alisema Kezia. "Kwenye lile dimbwi siendi."

Jumatatu aliwapigia Jiwe Jema akakataa kazi. Jumanne alikwenda Kilima Tatu. Walipomaliza kumuuliza maswali yao, naye aliuliza yake.

"Fundi akiwa anatengeneza mashine, nani anashika swichi kuu?"

Meneja alimwita mtu wa usalama, anayeitwa Mniko. Mniko alimpeleka Kezia kwenye chumba cha swichi. Palikuwa na kufuli jekundu likining'inia ukutani.

"Fundi anazima, anafunga na kufuli hili, ufunguo unakaa mfukoni mwake," alisema Mniko. "Hata meneja hawezi kuwasha mpaka fundi atoke."

Kisha Kezia aliomba kusoma mkataba wote kabla ya kusaini. Walimpa kiti na muda. Wiki iliyofuata alianza kazi.

Rahima naye alikuwa na kazi yake. Daftari lenye nywila za zile akaunti kumi na moja lilikuwa bado kwenye droo. Alizifungua, akafuta maoni moja baada ya jingine. Mbili zilikataa kufunguka. Aliwaandikia wenye tovuti akiwaeleza ukweli, na baada ya siku chache na hayo mawili yakaondoka. Heche alipokwenda mjini kununua mipira ya tairi, alipita kwa Rahima, alikoelekezwa na Kezia. Hakuyafuta maneno yake. Aliongeza tarehe ya ajali, na chini yake akaandika yale ambayo shemeji yake alimweleza.

Kezia alikaa miezi sita ndipo akaandika maoni yake. Aliandika kuwa yeye ni fundi umeme. Aliandika juu ya kufuli jekundu, na kwamba zamu bado ni ndefu mno, na kwamba choo cha wanawake kilijengwa baada ya kulalamika mara tatu. Alitoa nyota nne.

Siku moja Rahima alimpigia simu.

"Kuna binti yuko hapa kwangu, anatoka Sirari. Amesoma uliyoandika. Anataka nimchapie barua ya Kilima Tatu sasa hivi."

"Mpe simu, mama."

Sauti ya yule binti ilisikika. "Shikamoo dada. Nimekuamini wewe. Umeandika vizuri."

"Marahaba. Nimeandika nilichokiona mimi, na mimi ni mmoja tu," alisema Kezia. "Njoo Jumamosi kabla hujapeleka barua. Nitakuonyesha geti, nikukutanishe na mpishi na watu wa winchi. Uwaulize mwenyewe, mimi nitakaa pembeni."