Oili ya Gari la Salesio

Jioni hiyo nilitoka nyumbani kumpelekea mume wangu githeri, mahindi na maharagwe. Hakuna kingine. Binti yangu Igoki, wa miezi mitano, nilikuwa nimemfunga mgongoni, na bakuli nilikuwa nimelifunika kwa kitambaa kwa sababu ya manyunyu. Julai ya Runyenjes ni ukungu tu. Mtu anakusalimu kabla hujamwona.

Mume wangu Njiru ni fundi wa magari. Gereji yake ni mabati machache na udongo mweusi wa oili, nyuma ya soko. Kwa kawaida anatengeneza pikipiki na pikapu za kubeba majani chai. Lakini wakati huo alikuwa na gari ambalo watu walikuja kulitazama kama ng'ombe wa maonyesho. Gari dogo la Kiingereza, la mbio, viti viwili, halina paa, rangi yake ya kijani imebabuka. Lililetwa na Mwirigi, kijana wa ofisini mjini Embu. Lilikuwa la babu yake, Mzee Salesio wa Kibugu, ambaye aliachiwa gari hilo na mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa akimwendeshea. Salesio alilifungia bandani na hakukubali mtu yeyote aguse hata boneti. Alizikwa baada ya Pasaka. Mwirigi alilipakia kwenye lori kabla nyasi hazijaota kaburini.

Kazi ilikuwa kuifanyia injini ovaholi, kuifungua yote na kuifufua. Njiru aliifurahia kama mtoto. Spana zake hazikuingia, kwa sababu bolti za Waingereza wa zamani hupimwa kwa inchi, basi akaazima za mzee mmoja aliyestaafu kiwanda cha chai. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda, akazimwagia dizeli na kuziacha mpaka zikaachia. Valvu alizisugua kwa viganja viwili, kama mtu anayepekecha moto. Jioni hiyo alikuwa amefika sehemu ya chini.

"Mama Igoki, njoo uone kitu," aliniita hata kabla sijamsalimia.

Injini ilining'inia kwenye mnyororo. Alikuwa ametoa bakuli la chini linaloshika oili, lile mafundi wanaliita sampu. Harufu ilinifikia kwanza.

Beberu.

Beberu mzee, yule anayejikojolea ndevu, aliyefungiwa mahali bila hewa.

"Bolti zote zilikuwa zimezibwa na nta ya nyuki," Njiru alisema. "Na angalia gasketi."

Gasketi, ile ya kuziba kiungo oili isivuje, ilikuwa ya ngozi ya mbuzi. Ilikatwa vizuri kufuata umbo la chuma, na manyoya yalikuwa bado juu yake, yamelala, yamelowa.

Ndani ya sampu, mahali ambapo oili ilikuwa imekaa, kulikuwa na tope zito la kijani na nyeusi. Njiru alichukua kijiko nilichomletea akachota. Zilikuwa nyasi. Nyasi zilizotafunwa. Katikati yake palikuwa na vipande vyeupe vyenye ncha.

"Panya," alisema. "Waliingia wakafanya nyumba."

"Panya hawali nyasi," nilisema polepole.

"Basi ni panya wa Kibugu. Hao hata chai wanakunywa."

Akacheka. Akapangusa kijiko kwenye ovaroli yake, akafungua bakuli, akaanza kula githeri. Niligeuka nikatazama ukutani.

Nilipoaga, alinipa mtungi wa oili aliyoimwaga kutoka kwenye injini hiyo. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Hapa kwetu oili chafu haimwagwi. Unapaka nguzo, na mchwa hawazigusi. Nguzo za jikoni kwetu zilikuwa zinaliwa, na jikoni ndiko ninakolala na mtoto wakati wa baridi, karibu na moto.

Njiani nilibadilisha mtungi kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Ulikuwa na joto.

Injini hiyo haikuwa imewaka tangu kabla sijazaliwa. Lakini mtungi ulikuwa na joto, kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.

Asubuhi nilipaka nguzo zote nne kwa tambara. Oili haikukauka. Ilikaa juu ya mti kama jasho. Kufikia saa sita harufu ilikuwa imeingia kwenye unga, kwenye blanketi, kwenye nywele zangu. Nilipika ugali nikashindwa kuumeza. Ulikuwa na ladha ya kwato.

Jioni nilimpa Igoki titi. Alilishika, akanyonya mara moja... akaliachia. Akapiga kelele. Nikampa la upande wa pili. Akageuza uso, akaukunja kama mtu mzima aliyenusa mzoga.

Nikakamua kidogo kwenye kiganja ili nione.

Maziwa yalikuwa ya kijivu.

Niliyasogeza karibu na moto. Yalikuwa na uzi ndani yake. Nikaushika kwa kucha na kuuvuta, nao ukaja, ukaja, mrefu, mgumu, mweusi.

Unyoya.

Nilitapika mpaka nikabaki natapika hewa.

Siku ya pili nilienda zahanati. Muuguzi alimpima Igoki, akasema hana homa, akanipa glukosi ya kuchanganya na maji. Sikuweza kumwambia habari za unyoya. Ningesemaje? Niliitikia tu na kushukuru. Mtoto alikunywa vijiko viwili, cha tatu akakirudisha. Siku ya tatu hakuwa analia tena. Alikuwa anafungua mdomo tu, na sauti haitoki. Ile sehemu laini ya utosi wake ilikuwa imebonyea.

Njiru hakuwa akilala nyumbani. Mwirigi alikuwa na maonyesho ya magari ya zamani Nairobi mwisho wa wiki, kwa hiyo kazi ilikimbizwa. Nilipomweleza, alisema, "Ni meno. Watoto wa siku hizi wakianza kuota meno, wanasumbua." Macho yake yalikuwa mekundu, na yeye pia alikuwa ananuka, lakini hakujua.

Alasiri hiyo mama mkwe wangu, Virginia, alitoka Kanja na uji wa wimbi kuja kumwona mjukuu. Hakuingia. Alisimama langoni, pua juu, kama mtu anayesikiliza.

"Ni nani ameleta thenge katika boma hili?"

"Thenge gani, mama?"

Aliingia jikoni, akashika nguzo, akanusa vidole. Akavipangusa kwenye majani nje mara nyingi, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nikamwambia yote. Mambo ya nta, ya ngozi, ya nyasi zilizotafunwa. Nikafungua kifungo nikamwonyesha maziwa.

Alikaa chini kwenye majivu.

"Zamani," alianza kwa sauti ya chini, "ndugu wakigombania shamba na hakuna shahidi, wazee wanaleta beberu. Huyo ndiye thenge. Kila mmoja anampiga kwa jiwe akiwa hai, mfupa kwa mfupa, akisema: kama nadanganya, nivunjike hivi. Nyama yake haiguswi. Hata unyoya haubebwi. Anaachwa porini aishe mwenyewe. Salesio na ndugu yake Nyamu walimpiga thenge nikiwa msichana. Nyamu alipokonywa shamba, akateremka Mbeere kwenye ukame na watoto wake. Sisi tukangoja Salesio avunjike. Akazeeka. Tukasema, basi, alisema kweli."

Akatema mate kando.

"Kumbe alirudi porini akamchukua thenge. Akamfungia kwenye chuma ili kiapo kisimfikie."

"Sasa mbona mtoto wangu? Yeye amemdanganya nani?"

"Sijui, mwanangu. Labda kikiachiliwa kinashika aliye karibu, mpaka kimpate mwenyewe." Akaamka ghafla. "Hiyo injini wameirudisha?"

"Wanaiwasha leo jioni."

Tulikimbia. Mama mkwe wangu ni mzee, lakini alikimbia.

Gari lilikuwa limeng'arishwa. Mwirigi alikuwa ameketi kwenye usukani, viatu vyake visafi, koti zuri. Njiru alikuwa ameinama juu ya injini, anafunga kabureta.

"Mama Igoki!" Mwirigi aliita. "Hata wewe leo utapanda. Viti ni viwili, mzee wako atabaki akilinda gereji."

"Kijana," mama mkwe wangu alisema, akihema, "shuka hapo. Babu yako alikula kiapo cha uongo. Sema tu kwa mdomo wako kwamba shamba la Kibugu ni la watoto wa Nyamu. Sema sasa, mbele yetu."

Mwirigi alimtazama Njiru, akacheka kidogo.

"Cucu, nyanya yetu, hayo ni ya kitambo. Hati iko na jina letu. Na sisi ni watu wa kanisa."

"Hata Salesio alikuwa wa kanisa."

"Mama, tafadhali," Njiru alisema. "Huyu ni mteja."

Mimi si mtu wa kuongea mbele ya wanaume. Hata kanisani sijawahi kusimama kutoa ushuhuda. Lakini mgongoni kwangu Igoki alikuwa mwepesi kama kifurushi cha majani makavu. Nikashika mlango wa gari.

"Mtoto wangu hanyonyi," nilisema. "Anakufa. Neno moja tu. Hata kama huamini... liseme tu."

Mwirigi aliacha kucheka. Alimchungulia Igoki, na nikaona amemhurumia kwa kweli. Hakuwa mtu mbaya.

"Huyu ni wa kupelekwa hospitali kubwa," alisema kwa upole. "Ingia. Likiwaka tu, nawapeleka mimi mwenyewe."

Akageuza ufunguo.

Injini ilikohoa. Ikanyamaza. Ikawaka.

Tu... tu... tu...

Njiru aliinua kichwa. "Hiyo si chuma," alinong'ona.

Hakikuwa chuma. Ilikuwa sauti ya jiwe likipiga nyama. Na katikati ya kila pigo, kutoka kwenye bomba la moshi, kulitoka sauti nyingine, nyembamba, ya kukaba...

Meee.

Moshi haukutoka. Lilitoka tope la kijani, la moto, linatoa mvuke, likamwagika mchangani kama mnyama anayeharisha. Harufu ilitupiga sote. Mwirigi aliweka mkono mdomoni ili asitapike, na hapo ndipo tulisikia.

Kach!

Kidole chake. Kilikuwa kimeelekea nyuma.

Hakuna aliyemgusa. Alikitazama bila kuelewa. Kisha taya lake likavunjika, likaning'inia, na kama alikuwa anataka kusema neno lile, sasa hakuweza. Ulimi wake ulitafuta tu. Njiru alichomoa ufunguo. Injini ikaendelea. Akang'oa waya za betri.

Ikaendelea.

Tu... tu... tu...

Mgongoni, Igoki alijinyoosha. Akalia. Kilio cha njaa, kikubwa, cha mtoto mzima. Nilimshusha haraka, nikakaa kwenye tairi kuukuu, nikafungua kifungo.

Alilishika titi.

Akanyonya.

Alinyonya kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia. Nilisikia akimeza. Pigo moja la injini, funda moja. Pigo, funda. Maziwa yaliyomtoka pembeni mwa mdomo yalikuwa meupe, meupe kabisa. Machozi yalinitoka. Kifundo cha mkono wa Mwirigi kilivunjika. Kisha kiwiko.

"Mama Igoki!" Njiru alipiga kelele. "Njoo umshike miguu tumtoe!"

Sikuinuka.

Mama mkwe wangu alikuja akasimama mbele yangu, akanikinga na manyunyu kwa shuka yake.

"Usimtoe mtoto titini," alininong'oneza. "Mwache ashibe."

Igoki alishiba. Aliachia titi, akapumua, akalala. Injini ikazima yenyewe.

Mwirigi yuko hai. Amelazwa Embu. Madaktari wanasema ni ugonjwa wa mifupa, wa kuzaliwa nao. Njiru alichimbua nguzo zote akazichoma mbali, na hakuna anayelikaribia gari lile, hata wa vyuma vikuukuu. Watu wa Nyamu walitafutwa huko Mbeere ili warudishiwe shamba. Walisema hawalitaki.

Igoki amenenepa. Mchana ananyonya kama watoto wengine. Ni ile ya jioni tu... Jioni ananyonya na macho wazi, akimeza kwa mpigo uleule. Na akicheua, pumzi yake inanifanya nigeuze uso.

Jana, ukungu ukishuka, mwanamke alibisha hodi. Alikuwa Regina, mama yake Mwirigi. Sijawahi kuongea naye. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaweka mezani kopo la maziwa ya unga ya watoto.

"Juzi jioni," aliuliza polepole bila kunitazama, "mtoto alinyonya?"

"Ndiyo."

"Juzi jioni, kwa mwanangu, ilikuwa mbavu." Akasukuma kopo kuelekea kwangu. "Jaribu haya. Leo tu, mama. Anaogopa giza likiingia, kama mtoto mdogo."

Niliyachanganya. Vizuri, kwa maji ya moto yaliyopoa. Igoki aliyatapika juu ya nguo yangu. Nikajaribu tena. Akayatapika tena, ya kijani, yana nyasi. Akalia mpaka midomo ikawa ya buluu. Kisha sauti ikaacha kutoka, akabaki amefungua mdomo tu.

Regina alikuwa amesimama mlangoni, viganja vyake vimeshikana, akinitazama.

Nilifungua kifungo.